Magadi Kwenye Chungu cha Mtoto

Mimi na mdogo wangu tulizaliwa Mlali, na maji tuliyokunywa ni ya kisima kimoja. Yeye meno yake meupe. Yangu yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala mkaa. Nyumbani walisema mimi mvivu wa kupiga mswaki. Nilisugua mpaka fizi zikavuja damu na bado nikaitwa mvivu, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Mwaka jana daktari wa meno mjini Dodoma aliniambia ni floraidi, madini yaliyo kwenye maji ya kwetu. Yakizidi mwilini mwa mtoto, yanatia madoa meno ya ukubwani yakiwa bado ndani ya fizi.

"Mbona mdogo wangu hana?" nikauliza.

Akataka kujua tulikuwa tunakula nini.

Swali hilo nilirudi nalo ofisini Mtumba, mafaili yakanisubiri. Mama alipopata mimba ya mdogo wangu, mimi nilipelekwa kwa Bibi, hapo hapo Mlali, nikakaa huko hadi nilipoanza shule. Mama hatumii magadi, yanamsokota tumbo. Bibi hapiki mboga ya mlenda bila magadi. Nikampigia daktari. Akasema magadi nayo yana floraidi, pengine kuyashinda maji.

Nilifurahi sana kulipata jibu, kwa dakika chache. Kisha nikaogopa. Binti yangu wa miaka miwili alikuwa kwa Bibi, mwezi wa pili huo, tangu dada wa kazi aniache.

Jumamosi nikamkuta Bibi jikoni na vyungu viwili. Baada ya shikamoo nikauliza kile kidogo ni cha nani.

"Cha mtoto. Chake nakizidishia magadi, majani yalainike. Hata wewe nilikupikia hivyo hivyo."

Nikamweleza yote, kwa upole niliouweza. Hakubisha. Alimwaga chungu cha mtoto, akakishika na cha kwake.

"Hicho acha, Bibi. Meno ya mtu mzima hayapati madoa haya."

"Huyu anakula bakulini kwangu," akasema. "Nikipika wa magadi, ataufuata."

Akaumwaga. Mchana tulikula mlenda wa majani magumu. Bibi, mwenye meno matatu, aliutafuna polepole, akimwambia mtoto ni mtamu.