Aliyenisomea Barua za Biashara

Darasa la biashara lilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi nyuma ya shule ya serikali pale Dodoma, nami nilikaa humo miezi mitano bila kustahili. Sasa ni mzee, naswali nimekaa kwa sababu ya magoti, na Mwenyezi Mungu amenipa mengi ambayo sikuyaomba. Miezi ile mitano sijui niishukuru vipi.

Ilikuwa enzi za Wadachi. Reli ilikwisha kupita, na wafanyabiashara walitaka watu wa kuandika barua, kupambanua ngozi na nta, na kuwajibu wakubwa wao walioko pwani. Aliyeingia darasa lile alipaswa kwanza kumaliza miaka mitatu ya shule ya chini. Mimi shule ya chini sikuikanyaga. Nilitoka milima ya Kondoa, nikalelewa katika chuo cha Kurani cha ami yangu, nikawa msaidizi wake mwenye kushika bakora. Baadaye nilishuka Dodoma, nikanunua nta vijijini kwa miaka sita. Kiswahili nilikiandika vizuri kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu kwangu zilikuwa kama nyayo za kuku.

Shule ya chini ilijaa watoto wenye makamasi, kila mmoja na kibao chake. Mimi niliyewachapa watoto wa umri ule, niende nikakae kati yao? Niliona ni heri nibaki na nta yangu.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mpole, tarbushi yake haikuwahi kuwa na vumbi hata upepo wa Dodoma uvume vipi. Nilipomweleza haja yangu alisema, "Mtu mzima mwenye kazi yake naweza kumpokea moja kwa moja. Ila anisomee kitabu cha kwanza, ukurasa wowote nitakaoufungua."

Nilikiazima kile kitabu nikaenda nacho nyumbani.

Mke wangu alikuwa Mgogo. Alilelewa na shangazi yake karibu na misheni, na huko alijifunza kusoma kabla sijamwoa na kabla hajasilimu. Nililijua hilo tangu siku za posa, lakini sikuwahi kumwomba asome chochote. Alasiri ile alikuwa akipepeta uwele. Nilikiweka kitabu karibu yake nikamwambia asome, nami nikayafuata maneno kama wanafunzi wa chuo wanavyomfuata maalim wao. Siku ya kumi na moja nilikuwa nimekihifadhi chote. Kurasa nilizitambua kwa picha: huu wa ng'ombe, huu wa kisima. Zisizo na picha nilizitambua kwa umbo. Ule wenye mistari mitano mifupi ulikuwa wa mvua.

"Bwana," aliniambia, "tujifunze herufi zenyewe. Si nyingi."

"Baadaye."

"Ukishaingia huko utafanyaje?"

"Nikiingia, nimeingia."

Mwalimu alifungua ukurasa wa kisima, kisha wa mvua, kisha wa mwisho kabisa. Nilisoma bila kukwama, hata nikatia madaha kidogo. Alinipa mkono.

Wenzangu darasani walikuwa vijana tisa, nao waliniita Maalim wa Nta. Palipokuwa na bidhaa nilikuwa bora kuwapita wote. Siku mwalimu alipoleta mabonge matatu ya nta, niliuma kila moja nikatema, nikasema hili la kati limechanganywa na mafuta ya mnyama. Mwalimu aliliyeyusha, ikawa kweli. Vijana walipiga makofi. Laiti biashara yote ingekuwa ya meno!

Lakini kazi kubwa ilikuwa barua. Tulipewa barua ya mfanyabiashara twende nayo nyumbani, na kesho yake tulete jibu. Mke wangu alinisomea, tukajadiliana, kisha akaliandika jibu kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia mboga. Mimi nililinakili kwa wino, nikiziiga herufi kama fundi anayechora nakshi mlangoni. Mwandiko wangu ulisifiwa. Katika kujadiliana, mimi nilijua bei na desturi za vijijini, na yeye alijua namna ya kuyaweka maneno. Mara nyingi aliniambia, "Hapana, huyu mtu amekasirika. Tumtulize kwanza, ndipo tumwambie ngozi zimechelewa." Alikuwa sahihi kila mara.

Siku ya Idi mwalimu alikuja kula kwetu, pamoja na wawili wa wale vijana. Tulikaa mkekani. Mwalimu alitoa barua yangu mfukoni, akawaambia vijana, "Tazameni mwenzenu alivyomaliza. Amekataa ombi la mtu, na mtu mwenyewe bado ataona ameheshimiwa."

Mke wangu alikuwa akiweka sinia chini. Aliitupia macho ile karatasi akatabasamu. "Hapo mwisho palitusumbua sana," alisema.

Kijana mmoja aliacha kunawa. "Palitusumbua! Kumbe Maalim ana karani jikoni!"

"Ndiyo maana barua zake zinanukia vitunguu," alisema mwenzake.

Mwalimu hakucheka. Alimgeukia mke wangu kwa adabu. "Mama, unajua kusoma?"

Kabla hajafungua kinywa nilicheka mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote. "Huyu? Huyu ukimpa barua atawashia moto!"

Wale vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Mke wangu aliisogeza sinia katikati ya mkeka ili kila mtu aifikie, akasema, "Karibuni chakula," akaingia ndani. Mimi ndiye niliyesema bismillahi.

Hakunigombeza. Kesho yake nilipompelekea barua alifuta mikono, akaisoma toka juu mpaka chini, mara moja tu, akanirudishia.

"Rudia," nilimwambia.

"Nimesoma, bwana."

Zamani alikuwa akirudia mara tatu au nne bila kuombwa. Sikuwa na uso wa kumwomba tena. Jibu nililiandika peke yangu kwa kukumbuka maumbo ya maneno ya barua zilizopita, na nadhani nilimwandikia mtu wa ngozi habari za karanga.

Mwalimu aliirudisha karatasi yangu. Kisha alichukua barua mpya mezani, iliyofika asubuhi hiyo, akaniambia nisimame niwasomee wenzangu. Nilisimama. Niliitazama. Haikuwa na ng'ombe wala kisima.

"Maalim, fungua kinywa," alininong'oneza aliyekuwa nyuma yangu. "Hiyo si nta, haitakunata."

Mwalimu aliwatoa nje wote. Tulipobaki wawili nilimwambia kweli: kwamba sijui herufi hata moja, na kitabu cha kwanza nilikihifadhi kwa masikio. Alivua tarbushi yake akaiweka mezani. Sikuwahi kumwona kichwa wazi.

"Na barua? Nani alikuwa anakusomea?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi mbele yangu, na hapakuwa na kijana wa kunicheka. Nilisema, "Rafiki yangu mmoja, pale steshenini."

"Rafiki huyo angekuja yeye," alisema mwalimu. "Ningempokea leo hii." Kisha akasema kwa upole kwamba hanifukuzi. Niende darasa la kwanza, na nikimaliza miaka yangu nitarudi kwake.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akitwanga. Nilimweleza kwamba nimegunduliwa, nami nimerudishwa darasa la kwanza. Aliuweka mchi ukutani, akaniuliza, "Umemwambia nani alikusomea?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Nilimjibu, "Alisema ungekuja wewe. Angekupokea leo hii."

Alijifunika uso kwa upande wa kanga akacheka kama msichana, akaniambia mwalimu ana mzaha. Alasiri hiyohiyo alichukua mkaa akaanza kunifundisha herufi, moja baada ya nyingine, kwa subira ambayo mimi chuoni sikuwahi kuwa nayo kwa mtoto wa mtu. Kila akimaliza aliimba wimbo wa kwao kwa sauti ya chini. Niliusikia wimbo ule kwa wiki tatu. Ningeweza kumwambia kweli siku yoyote kati ya zile.

Darasa la kwanza nilikaa nyuma, magoti yamegusa kidevu. Watoto walinizoea upesi, na mmoja alinifundisha kufuta kibao kwa kiwiko. Nilimaliza mwaka mmoja na kitu. Vita vikaja, mwalimu akachukuliwa na jeshi, shule ikafungwa, na darasa la biashara sikulirudia. Lakini kusoma nilikupata, na barua zote nikaweza kuzisoma, alhamdulillahi.

Jambo ninalotaka kulisema lilitokea katika wiki ya nne ya masomo yangu kwa watoto. Tulikwenda sokoni, mimi na mke wangu, kununua chumvi. Kama ilivyokuwa desturi, mimi nilitangulia naye akafuata. Mwalimu alikuwa akichagua viazi. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hakusema na wanaume sokoni, alinipita akaenda moja kwa moja mpaka mbele yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Yale maneno yako yalinifikia. Nimefurahi sana."

Mwalimu alimtazama, akanitazama, akamrudia yeye. "Maneno gani, mama?"

Niliangalia viazi. Sikumwona mke wangu usoni, na mpaka leo sijui ulikuwaje. Nilichosikia ni mtu akikohoa, kuku wa mtu akilia kapuni. Kisha sauti yake, ileile tulivu aliyoisomea barua za watu waliokasirika.

"Ya kumpokea tena mume wangu, baada ya makosa yake. Tunakushukuru."

"Ah, si kitu," alisema mwalimu. "Ana bidii."

Chumvi tuliinunua. Njiani sikutangulia, wala yeye hakuningoja. Nilimwona mgongo tu mpaka nyumbani, na wimbo sikuusikia tena nyumba ile. Tuliishi pamoja miaka thelathini na zaidi baada ya hapo, kwa heri na watoto, na kila siku nilidhani ndiyo siku ya kumwomba msamaha. Alifariki mwezi wa Rajabu, nikiwa nimemshika mkono, na hata hapo nilizungumza habari za mvua.