Abandika vito vya meno, uongo wa soda haumbanduki

Ni saa nne asubuhi. Kwenye chumba kilicho nyuma ya saluni ya kusuka, mwanamke aliyevaa miwani ya rangi ya chungwa ameinama juu ya mdomo wa fundi cherehani. Midomo imeinuliwa kwa vipande vya pamba, na kwenye ncha ya kibano kuna kito kidogo kuliko punje ya mtama.

"Shoga, usimeze mate wala usinijibu," anasema. "Ukichoka nyoosha kidole."

Fundi cherehani ananyoosha kidole papo hapo. Mwanamke anacheka, anamfuta mate na kuanza upya, kwa sababu jino likilowa hata kidogo kazi yote imeharibika.

Wateja humwita Dada Vito. Ana miaka thelathini na moja, na kwa wiki hupokea watu wanane hadi kumi wanaotaka meno yao yamemete. Kila mmoja humchukua nusu saa, ingawa kubandika kwenyewe hakuzidi dakika mbili. Muda uliobaki ni wa kusugua jino, kulikausha, kulipaka jeli ya buluu inayolikwaruza kidogo sana ili gundi ishike, kuliosha, kulikausha tena, kisha kuimulika gundi kwa taa mpaka igande.

"Watu wanadhani kito kinadumu kwa sababu ya gundi," anasema. "Kinadumu kwa ukavu. Na kwa mwenye jino kujitunza."

Fundi cherehani anajitazama kwenye kioo, upande huu na upande ule. "Kitakaa muda gani?"

"Miezi sita. Ukijitahidi, hata mwaka. Leo na kesho usile kitu kigumu wala cha kunata. Mswaki uwe laini. Usikichokonoe kwa ulimi wala kwa ukucha. Na uzi uwe unaukata kwa mkasi."

"Weee! Mkasi nitautafuta saa ngapi na mteja kanisimamia?"

"Basi kito chako utakimeza na chai."

"Si uniwekee gundi kali basi, kisitoke kabisa?"

Dada Vito anavua miwani. Mzaha umemwisha usoni. "Hiyo sifanyi," anasema, na kuanza kufuta vibano vyake.

Kazi hii aliianza miaka mitano iliyopita, akitokea kwenye kupaka kucha rangi. Hakufundishwa na mtu. Aliona vito kwenye simu, akaagiza pakiti moja, na kwa kuwa gundi ya kucha za bandia ilikuwa mezani, akaona mambo ndiyo hayo. Mtu wake wa kwanza alikuwa mdogo wake wa kike, aliyekuwa akimaliza shule na kutaka kung'aa kwenye picha za mahafali.

"Aliniambia, 'Dada, kikidondoka kabla ya picha sitakusamehe.' Nikaingiwa na hofu. Nikalipiga jino lake tupa ya kucha, jino la mbele kabisa, halafu nikalimwagia gundi. Kikashika! Nilijisifu mtaa mzima. Miezi kumi na moja hakijatikisika."

Mwezi wa kumi na mbili jino likaanza kuuma kila alipokunywa maji baridi. Dada mtu akajifungia naye chumbani, akashika koleo ndogo ya kukatia kucha, akavuta. Kito kilitoka. Kona ya jino ikatoka nacho.

Jioni mama yao akauliza kulikoni. Mdogo mtu hakuwahi kusema neno.

"Nilimjibia mimi," anasema Dada Vito. "Nikasema, 'Kafungua soda kwa meno.' Ilinitoka tu, wala sikuipanga."

Mama alifoka mpaka chakula kikapoa. Mjomba, mtu wa masihara, akamwita binti Kifungulio, na jina likakaa. Huu ni mwaka wa nne. Soda zikiletwa nyumbani hakosekani wa kumsogezea chupa: "Kifungulio, tusaidie basi." Watu hucheka, naye hucheka pamoja nao, midomo ameifumba.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," anasema Dada Vito. "Yangu ina miaka minne na bado natembea."

Baada ya mkasa ule alikwenda kwa daktari wa meno na kuomba kazi ya kusafisha vyombo. Alikaa huko miaka miwili. Huko ndiko alikojua kwamba gundi ya kucha si ya kuingia mdomoni, na kwamba ile tupa ililila ganda gumu la jino, nalo halioti tena. Daktari alimwachia neno moja analowaambia wateja mpaka leo: kito kizuri ni kile kinachokubali kutoka.

Mdogo wake sasa anafanya kazi kwenye duka la vitambaa. Alipewa nafasi ya kukaa mbele, kaunta, akaomba apelekwe stoo. Mwandishi alimkuta huko kati ya majora, akizungumza kiganja kikiwa karibu na mdomo.

"Ningesema, mama angemkataza ile kazi, na ndiyo kwanza ilikuwa imechangamka," alisema. "Nikajua atasema mwenyewe wiki ile ile. Nikasubiri. Mpaka leo nasubiri."

Dada yake amemwomba mara kadhaa ampeleke kwa daktari, kwani jino linaweza kujengwa upya. Amekataa.

"Jino litengenezwe, halafu? Si nitakuwa Kifungulio mwenye jino zuri?" Alikunja kipande cha kitambaa. "Nyumbani ni yeye peke yake haniiti hivyo. Ananiita jina langu. Ndiyo maana najua hajasahau."

Dada Vito anapoelezwa maneno hayo, anaishika taa yake na kuifuta, ingawa ilikwishafutwa.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Analia, wala hajifichi.

Alipoombwa mahojiano haya aliweka sharti moja: majina yasitajwe. "Mama hahitaji jina, atanijua," anasema. Mama yao ana mtoto wa jicho na herufi hazioni tena, kwa hiyo kila Jumapili mkubwa humsomea gazeti kwa sauti, mdogo na mjomba wakiwa hapo hapo sebuleni. Kurasa za siasa mama husinzia. Simulizi za watu hutaka asomewe neno kwa neno.

Kwa nini basi asimwambie leo, ana kwa ana?

"Nimejaribu. Nikifungua mdomo inatoka habari ya sukari imekwisha." Anajifuta macho. "Lakini kilichoandikwa nitakisoma. Hilo nitaweza."

Anaitazama kalamu ya mwandishi.

"Kwa hiyo andika hivi, na usipunguze: Mama, hakukuwa na soda. Ni mimi."