Uvundo wa Nyuma ya Nyumba

Ni kweli, ule uvundo ulitoka kwetu. Majirani wa mtaa wetu wa Mbotela niliwaambia ni mtaro wa maji taka uliopasuka, nao wakaniamini, kwa kuwa mimi nilikuwa na digrii na mitaro ilikuwa na tabia hiyo.

Miaka ile ya tisini, Mama alikuja kuishi nami baada ya Baba kufa. Sharti lake lilikuwa moja: hatanunua mboga. Mtu anayenunua mrenda, alisema, ni mkimbizi. Asipoweza kupanda wake, yeye anarudi kwao Busia. Nami sikutaka arudi. Nyumba bila yeye ilikuwa na mwangwi.

Ila nyuma ya nyumba hapakuwa na udongo. Palikuwa na mchanga wa ujenzi uliomwagwa ukasahauliwa. Ukiumwagilia alfajiri, saa nne umekauka.

"Mchanga huu ni mlevi," Mama alisema. "Kila unachompa kinapita. Lazima ale kitu kizito."

Kitu kizito kililetwa na jirani aliyefanya kazi machinjioni: gunia la nyasi zilizotolewa matumboni mwa ng'ombe, za kijani, vuguvugu bado, zikichuruzika hadi mlangoni. Mama alizikoroga na mchanga kwa mikono, ndani ya beseni langu la kuogea, kisha akazifukia. Inzi walihamia kwetu na ukoo wao wote. Chai ilinuka utumbo. Nywele zangu zilinuka utumbo. Ofisini mwenzangu alisogeza kiti.

"Wewe msomi, kwani kwenu kumekufa nini?" aliniuliza jirani wa mlango wa pili, naye ni muuza samaki.

"Ni mtaro, mama."

"Mtaro gani unacheua?"

Mama hakungoja nyasi zile zioze. Alipanda mrenda siku ileile ya gunia, kwa haraka ya kunionyesha. Miche ikaungua, ikawa rangi ya usaha. Mama alikunja leso zake, akapanda basi la Busia.

Nikabaki na shimo. Nililifunika kwa majivu ya jiko na maganda ya viazi, si kwa ukulima bali kwa kichefuchefu. Mvua zikanyesha.

Kisha simu ikalia ofisini. Alikuwa Mama, akipiga kelele kutoka sokoni kwao.

"Kile kitu bado kinanuka?"

Nilifikiri. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeanika nguo palepale, bila kuziba pua.

"Hapana, Mama."

"Basi kimeiva. Nakuja na mbegu. Na mwambie yule wa machinjioni alete gunia lingine."