Mayai ya Zaituni Niliyala kwa Raha

Nimekosa jamani, na safari hii sina wa kumsingizia. Usiniulize jina langu wala jina la shule. Jua tu kwamba mimi ni mama mtu mzima, nakaa Mtendeni hapa hapa Tabora, Mnyamwezi wa Goweko, na mdomo wangu umeniponza. Nimelisema hili kwa Mungu, nikalisema kwa mume wangu, lakini bado linanikaba, basi nakwambia na wewe.

Kazi yangu ilikuwa kupika uji kwenye shule ya chekechea. Miaka sita! Uji wangu hauna madonge, muulize yeyote. Watoto walinipenda, nami kwa ujinga wangu nikaamini kwamba mtu anayependwa na watoto tayari ni mwalimu.

Nilikuwa nikiwatazama walimu kupitia dirisha la jiko, nacheka peke yangu. Wanaimba, wanapiga makofi, wanafuta kamasi, wanarudi kuimba. Mwalimu mkuu wetu, binti mdogo tu ambaye nitamwita Mwalimu Neema, aliisomea kazi hiyo chuoni miaka miwili, na cheti chake amekitia kwenye fremu ofisini. Miaka miwili! Nikawa nasema bila hata kushusha sauti, "Kusomea kufuta kamasi? Mimi nimezaa watano, nikalea na wawili wa marehemu dada yangu. Basi mimi ni profesa!"

Mwaka jana mwalimu wa darasa la wadogo akaenda likizo ya uzazi. Neema akataka atafutwe mtu aliyesomea watoto wadogo. Mimi nikamzunguka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye mke wake tunaimba naye kwaya, nikamwambia, "Mwenyekiti, mtatafuta hadi lini na mtu wa kuwashika watoto mnaye?" Mwenyekiti akaamua Mama wa uji ashike darasa. Neema alipinga, akashindwa, maana alikuwa bado mgeni.

Akanipa karatasi, kama ishirini hivi, zinazoeleza namna ya kuongea na mtoto mdogo. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, naomba uzisome kabla ya Jumatatu." Nikamjibu, "Sawa mwanangu." Jumatatu ilipofika, nusu yake nilikuwa nimeshawashia jiko la mkaa nyumbani.

Na wiki za mwanzo, mbona raha! Darasa langu liliimba mpaka wapita njia wakasimama. Niliwafundisha kuhesabu moja mpaka mia, wanapaza sauti mishipa ya shingo inawatoka. Siku moja nikaweka maandazi matatu mezani, nikasema, "Haya, hesabuni!" Wakahesabu mpaka kumi na tisa, kisha wakanitazama wakisubiri sifa. Nikawasifu!

Ndipo akaja Zaituni. Hilo si jina lake la kweli. Alikuwa na miaka mitano, mwembamba, macho makubwa, hana maneno mengi. Aliletwa na baba yake, fundi wa reli aliyehamishiwa huku kutoka pwani.

"Shikamoo mama," baba mtu akanisalimu.

"Marahaba mwanangu. Wenyeji wa wapi nyinyi?"

"Kisarawe. Sisi Wazaramo."

Loo! Unajua mwenyewe Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana. Babu zetu walitoka huku kwa miguu na mizigo vichwani mpaka pwani, wakapokelewa, wakagombana, wakazikana, na utani ukabaki mpaka leo. Mtani wako unamwambia neno ambalo mwingine angekupeleka nalo polisi, na yeye anacheka tu.

"Kumbe mtumwa wangu umejileta mwenyewe!" nikamwambia.

"Mtumwa nani? Si nyie mliokuwa mnafika kwetu na upara wa kubebeshwa mizigo?"

"Basi leo hutoki hapa bure. Unanipa nini?"

"Sina kitu, mtani. Mchukue huyu mtoto. Nimekupa kabisa, na usinirudishie, maana anakula huyo!"

Tukacheka, tukagonga viganja, machozi yakatutoka. Zaituni alikuwa amesimama katikati yetu na kidumu chake cha maji. Anamtazama baba, ananitazama mimi. Sisi hatukumtazama. Baba mtu akaondoka zake kazini, na wala hakugeuka nyuma kumpungia mkono.

Tangu siku hiyo nikapata mchezo. Kila asubuhi: "Zaituni, wewe wangu, nimeshapewa! Shule ikifungwa nakupeleka Goweko ukanichungie mbuzi." Hajibu, ananitazama tu. Siku moja akauliza, taratibu, "Mwalimu, Goweko kuna mama?" Nikamwambia, "Kuna fisi!" Nikaenda jikoni kuwasimulia wenzangu, tena nikaigiza na hiyo sauti yake. Tukashika mbavu. Mungu anisamehe.

Jumatatu moja akanifuata mezani, akatoa yai kwenye mfuko wa sare. "Mwalimu, nimekuletea." Nikamshukuru, nikamwambia amsalimie mama. Hakuondoka. Akasimama pale pale.

"Tayari, mwalimu?"

"Tayari nini? Kakae!"

Kesho yake yai jingine. Keshokutwa mawili. Kisha kipande cha sabuni, kisha kitana. Na kila akileta anasimama, anasubiri, namfukuza akakae. Mimi nikajua ni zawadi za mama yake. Nikawa namsifia mwanamke wa watu ambaye hata sijawahi kumwona: "Watu wa pwani wana adabu bwana, si kama sisi!" Jioni nakaanga yai langu na kitunguu na nyanya, nakula kwa raha zangu. Yalifika mayai manane. Manane, na nililamba vidole!

Alhamisi ya wiki ya pili akachelewa. Nikamwona anaingia mlangoni ameinama, anahema, khanga ya mama yake inaburuta chini. Mgongoni kabeba mtoto! Mtoto mzima wa mwaka na kitu, amelala, udenda unamtoka.

"Zaituni! Huyu nani?"

"Mdogo wangu Bakari." Akajipinda, akamfungua, akamlaza kwenye meza yangu juu ya daftari la mahudhurio. "Mwalimu, chukua huyu. Mimi mama ananituma dukani. Najua kufagia, najua kuosha vikombe. Huyu hafanyi kazi. Anakojoa tu."

Na Bakari, kana kwamba aliitwa kutoa ushahidi, akakojolea daftari.

Nikacheka! Ndiyo, nilicheka, sikufichi. Zaituni akakunja khanga vizuri, akaiweka kando ya mdogo wake, akasema, "Sasa mimi siendi Goweko." Akaenda kukaa mahali pake akatabasamu. Tangu aje shuleni sikuwahi kuyaona meno yake. Siku ile nikayaona, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Mayo wane, mama yangu wee! Nikaanza kuyaunganisha. Mayai. Sabuni. Kitana. "Tayari, mwalimu?" Mtoto alikuwa anajikomboa, nami nakaanga!

Sijakaa sawa nikasikia vilio barabarani. Mama yake alikuwa amemwacha Bakari amelala mkekani, akaenda bombani kuchota maji. Kurudi, mkeka mtupu. Wakachungulia mapipa, wakachungulia chooni, wengine walishaanza kutaja wachawi. Mtu mmoja akakumbuka kumwona Zaituni na mzigo mgongoni, basi mtaa mzima ukaja shuleni. Mama mtu mbele, ndala mguu mmoja. Nyuma yake jirani yake, ana mchi mkononi.

Mama akamnyakua Bakari akawa anampapasa kila mahali. Halafu akamgeukia Zaituni amchape. Mwalimu Neema akaingia katikati. Hakupiga kelele. Alichuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akasema, "Zaituni, niambie mimi."

Zaituni akasema. "Baba alinigawa kwa mwalimu. Nikaleta mayai ili aniachie. Mwalimu akala. Hakuniachia."

Mama mtu akaniangalia. "Mayai? Mayai yangu niliyoweka kuku ayaatamie? Mimi nimegombana na jirani yangu mpaka tumefikishana kwa mjumbe!"

"Ehee!" akadakia jirani na mchi wake. "Si nilikwambia mimi si kicheche wa kuiba mayai? Haya, kicheche wako huyo hapo, amevaa na miwani!"

Watu wakaangua kicheko. Baba akafika naye anakimbia, na ovaroli lake la kazini. Alipoelezwa, akacheka kuliko wote. "Mtani, umeniweza!" Akainama amnyanyue binti yake.

Zaituni akarudi nyuma. Akajificha kwenye sketi ya Neema.

"Njoo kwa baba."

"Usinipeleke."

"Mwanangu, ule ulikuwa utani tu."

"Ulisema asikurudishie."

Jamani, yule baba! Akakaa chini kwenye vumbi, mwanaume mzima, mbele za watu, akafunika uso. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Tabora ni ngumu, ikanibakisha juu nionekane vizuri.

Ofisini Neema hakunifokea, na afadhali angenifokea. "Mama," akasema, "kuimba nilikujua hata kabla ya kwenda chuoni. Nilichokwenda kusomea ni hiki: mtoto wa umri huu neno la mkubwa halipimi. Ukimwambia umemchukua, umemchukua. Na akinyamaza, lazima ujiulize kwa nini kanyamaza." Mimi mwenye watoto saba, profesa, nikazikumbuka zile karatasi nilizowashia jiko.

Nikarudishwa kwenye sufuria, na hata hiyo ni huruma ya Neema. Mwenyekiti haniangalii usoni kwa aibu niliyomtia. Kwaya nasimama mwisho kabisa. Mtaani wananiita Mama Kicheche, na watoto wangu wa kuzaa wakisikia wanageukia ukutani kucheka.

Hayo yote nayavumilia. Nilikwenda kwao kuomba radhi, nimebeba kuku mtetea badala ya yale mayai. Mama mtu akanipokea vizuri, tukaketi. Zaituni akatoka chumbani, akamwona kuku mkononi mwangu, akapiga ukelele, "Amekuja kuninunua!" Akakimbilia uvunguni mwa kitanda. Tulimbembeleza mpaka jua likazama, hakutoka. Baba yake alikuwa amekaa mlangoni, hanitanii, simtanii.

Basi wewe unayedhani kuzaa ndiko kunakokufanya mwalimu, jichunge. Na wewe mwenye shule unayeokota mtu yeyote, mpwa wako au mpika uji wako, ukampa darasa la wadogo eti kwa kuwa hao hata kusoma hawajui, jichunge zaidi. Na utani, watani zangu, tutaniane wenyewe kwa wenyewe, tuliozeeka nao. Mtoto mwacheni.

Ukibisha, njoo siku moja saa sita mchana, wakati wa kwenda nyumbani, usimame nami hapa jikoni. Utamsikia Zaituni anamvuta Neema sketi: "Mwalimu, leo naenda kwetu?" Neema anachuchumaa: "Unaenda kwenu, mama. Na kesho utaenda kwenu." Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile, na hajakosa kuuliza hata siku moja. Msikilize kwanza, halafu ndiyo uniambie kazi hii haina cha kusomea.