Karatasi Mbili za Kura

Mimi nina mdomo, na wokovu haujaumaliza. Mbuzi wa jirani yangu, bibi mmoja mjane, walipokula mihogo yangu kwa mara ya tatu, nilisimama kisimani mbele za watu nikatangaza kwamba bibi yule, kwa macho mekundu vile, si bure. Kisha nikaenda zangu kusonga ugali.

Miezi miwili baadaye, duara moja, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, hapa kijijini kwetu, upande wa Masumbwe, likatitia. Mtu mmoja akafa. Ng'ombe nao wakaanza kufa. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kura ya siri: kila mtu mzima aandike jina la mchawi. Atakayeongoza ahame, asipohama vijana watajua la kufanya. Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Ni panga.

Asubuhi ya kura nilifungua Biblia nitafute pa kujificha. Nikaangukia pale tunapoambiwa tusishindwe na ubaya, bali tuushinde kwa wema. Nilipata tumaini kweli kweli. Nikajiambia, nisipoandika jina la bibi nitakuwa nimeushinda. Ningerudisha karatasi tupu, basi, nimeokoka.

Kwenye uwanja wa shule bibi akanifuata, karatasi yake mkononi. Hajui kuandika.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama tunavyowaita mama zetu.

"Marahaba. Niandikie."

"Nikuandikie nani?"

"Unayemjua wewe," akasema, akaketi kando yangu kusubiri.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Macho yale ni ya moshi. Kuni hakuna, anapikia mavi ya ng'ombe kama nusu ya wanawake wa kijiji, mimi nikiwemo. Hilo nililijua hata siku ile kisimani. Nikaandika jina langu kwenye karatasi yake, kisha nikaliandika na kwenye yangu.

Mwenyekiti akaanza kusoma. Bibi, bibi, bibi, mimi, bibi, mimi. Jina langu likawachekesha watu. Nikasimama, nikasema karatasi hizo mbili nimeandika mimi, na habari ya macho mekundu nimeianzisha mimi, kwa hasira ya mihogo. Kama wanamtafuta aliyeleta ubaya hapa, wasihangaike. Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja akaomba arudishiwe karatasi yake, akafuata mwingine, na mwingine. Mwenyekiti akafunga mkutano, akasema jua limekuwa kali.

Njiani nikamwomba bibi msamaha, machozi yananitoka.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Tangu siku ile ile."

"Sasa mbona karatasi ukaniletea mimi?"

"Wenzako walisikia tu," akasema. "Wewe ndiye uliyejua kwamba ni uongo."