Siku Mama Kageha Alipotaka Kuimbiwa

Kwa miaka mingi Mama Kageha aliimbisha kwenye mazishi ya mtaa wa Langas, Eldoret. Wimbo ulioombwa zaidi ulitungwa na babake mwaka wa 1912, alipokuwa mpishi wa wamisheni kule Maragoli. Wamisheni hawakuuchapa kitabuni, na kanisa letu halijauchapa hadi leo, jambo la aibu. Basi yeye alitamka kila mstari na watu wakaurudia. Wiki nzima alikuwa kiwandani akifuma nguo. Jumamosi alikuwa makaburini. Hata alipomzika mwanawe, aliimbisha yeye mwenyewe.

Mwaka wa 1984 alifiwa na mumewe, Mzee Kisia.

“Leo niimbiwe mimi,” alimwambia mchungaji. “Nimechoka.”

“Tutakuimbia, Mama. Wewe keti tu.”

Makaburini, chifu alisifu chama tawala mpaka jua likawachoma watu. Kisha wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza waliujua. Wa pili ukawashinda, sauti zikafifia, na macho yote yakamgeukia mjane.

“Mama, tuanzishie kidogo,” mchungaji akanong’ona.

“Miaka hii yote mlikuwa mkiimba nini?”

Hakusimama. Mfanyakazi mwenzake mmoja wa kiwandani akauanza tena ubeti wa kwanza, wengine wakamfuata, wakaurudia na kuurudia huku vijana wakifukia kaburi. Hapo Mama Kageha akajifunika uso kwa leso, akamlilia mumewe.