Mapacha Hawaitwi Mmoja Mmoja

Sisi tuliokua kabla wazungu wa dhahabu hawajapasua barabara huku Geita, kilima cha mahame tulikijua kwa miguu. Pale juu palikuwa na mji mzima. Malale yalipoingia watu wakahamishwa wote, wakaacha kuta za mawe, mawe ya kusagia, na minyaa iliyozunguka nyua zisizo na mtu. Ntalali, matunda ya porini, za pale zilikuwa nyeusi, tamu, vidole vinanata mpaka jioni. Lakini ndege hakuna. Unakula huku unasikia meno yako mwenyewe.

Vibinti vya siku hizi vikiona mjusi vinalia. Sisi tulikwenda.

Rafiki zangu walikuwa mapacha, Kulwa na Doto, na aliyewagusa alinigusa mimi. Mama Kulwa, mama yao, alikuwa na neno moja tu kila tukitoka: "Mapacha hawaitwi mmoja mmoja. Ukimwita huyu, mwite na mwenzake, hasa kule juu. Usipofanya hivyo ataitika mwingine." Hatukuuliza mwingine gani.

Siku moja Kulwa alibaki kitandani na homa, nikapanda na Doto. Tukagombea ntalali, bure kabisa. Akaniambia mdomo wangu una kelele kuliko soko la Shinyanga. Nikapandwa na hasira, nikamwacha.

Nilipofika kwenye kuta hasira ikaisha. Jua la saa sita, hakuna upepo. Nikaita, "Doto."

"Bee," ikaitika nyuma ya ukuta, karibu, kwa adabu.

Nikazunguka. Hakuna mtu. Jiwe la kusagia tu, na juu yake unga mpya, mweupe.

Hapo nikakumbuka kosa langu. Nikaita kwa nguvu zote, "Kulwa na Doto!"

Zikaja sauti mbili. Moja ile ile ya ukutani, "Bee." Nyingine kutoka kwenye majani marefu huko chini: "Unaitaita nini, mdomo wewe? Njoo univute."

Doto hakuwahi kuniitikia kwa adabu maisha yake yote. Nikakimbilia matusi. Nikamkuta ananing'inia kwenye shimo la wachimbaji wa zamani, ameshika mzizi, miguu inatafuta chini na chini hakuna. Nikamtupia kaniki yangu, nikavuta mpaka viganja vikachubuka, naye ananitukana tu.

"Tukana," nikamwambia. "Usinyamaze."

Nyumbani Mama Kulwa alikuwa mlangoni. "Mlimwita mwenzenu? Mchana kaitika 'bee' pale kitandani na macho kafumba."

"Mara ngapi, mama?"

"Mara moja."

Mimi nilisikia 'bee' mara mbili.

Kulwa alipona. Wote wameolewa Kahama, mbali. Siku hizi watoto wanapanda kule wakiitana hovyo, wakiitikiwa wanafurahi, wanasema ni mwangwi. Mimi mtu akiniitikia kwa upole sana, kwanza nanyamaza.

Juzi nilipita chini ya kile kilima peke yangu. Upweke ukanishika, nikawaita wote wawili, kama tulivyofundishwa. Nikasimama nikisubiri tusi.

Ikaja "bee" tu.